Siku nguzo ndefu ilipotupoteza

Nilikuwa na mazoea ya kufunga kila mada kwa swali moja: "Tumeelewana?" Darasa zima likiitikia "Ndiyooo!", nami nafuta ubao. Mwitikio ule ulinistarehesha kwa miaka mingi.

Mwenzangu wa idara ndiye aliyeniazima mfuko wa vibonyezo, vidude vya kutoshea kiganjani, vyenye vitufe vya A hadi E. Kila mwanafunzi anashika chake, kipokezi kinachomekwa kwenye kompyuta, swali linatokea ukutani, watu wanabonyeza, na kompyuta inachora nguzo: kila jibu na urefu wake kulingana na kura lilizopata. Hakuna anayejua jirani yake kabonyeza nini. Akanieleza na utaratibu aliouanzisha mwalimu wa fizikia Eric Mazur pale Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, kabla hata ya vidude hivi kuzoeleka: uliza, wapige kura, na kama waliopatia ni kati ya asilimia 30 na 70, waache wabishane na majirani zao, halafu wapige kura upya. Wakipungua hapo, fundisha tena. Wakizidi, songa mbele. Akaniasa niangalie betri. Sehemu moja ya maelezo yake ilinipita, na ndiyo iliyokuja kunitia aibu.

Nilianza na swali nililolidhani la kupasha misuli. Lori lenye shehena linagongana uso kwa uso na gari dogo: lipi linalisukuma jingine kwa nguvu kubwa zaidi? A, lori. B, gari dogo. C, nguvu ni sawa. D, inategemea lipi lilikuwa na kasi zaidi. Kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikisukuma kingine nacho husukumwa kwa nguvu ileile, tulikuwa tumeimaliza wiki iliyotangulia, na "ndiyooo" yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Jibu ni C. Nguvu ni sawa kwa pande zote mbili. Gari dogo linaumia zaidi kwa sababu ni jepesi, hivyo nguvu ileile inalibadilisha mwendo kwa ghafla zaidi.

Wanafunzi walikuwa 64. Kura zilifika 63, nikajisemea kuna mmoja anasinzia. Nguzo zikapanda ukutani: A kura 37, C kura 19, zilizobaki zikagawana makombo. Nikazitazama kama mtu aliyesomewa barua ya deni lake mbele za watu. Ila 19 ni asilimia 30, ukingoni kabisa, basi utaratibu ukaniruhusu kuendelea. "Geukianeni, mshawishi jirani yako."

Darasa likalipuka. Ngumi zikawa zinagonganishwa hewani, moja ikiwa lori na nyingine gari dogo. Nilipita katikati ya madawati nimejaa raha, nikihesabu kwamba C itapanda hadi 40 hivi. Tukapiga kura ya pili.

A, 52. C, 9.

Nilisimama pale mkono ukiwa bado kwenye kompyuta. Nikauliza nani alibadilisha jibu, na kwa nini. Kimya. Mwishowe binti mmoja wa safu ya mbele, ambaye kwa kawaida hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona, akasema: "Mwalimu, mimi nilibonyeza C. Halafu nikaiona ile nguzo. Nikasema haiwezekani watu wote wale wakosee."

Nguzo zilikuwa bado zinang'aa ukutani muda wote wa mabishano, na mimi ndiye niliyeziacha pale. Watu hawakuwa wakimshawishi jirani, walikuwa wakisoma ukuta na kuhamia upande wenye wengi. Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya mwenzangu: matokeo ya kura ya kwanza yafiche. Kumbe "ndiyooo" yangu nilikuwa nimeihamisha tu, kutoka midomoni hadi ukutani.

Sikujua kitufe cha kufichia kiko wapi, basi nikaegemeza daftari la mahudhurio mbele ya lenzi ya projekta. Nikaleta swali jipya: watu wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wamekaa kwenye viti vya magurudumu wanasukumana viganja; nani anasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi? Kura ya kwanza nikaichungulia peke yangu: 26 walipatia. Mabishano ya safari hii yalikuwa mengine kabisa, ya polepole, yenye "ngoja kwanza" nyingi. Yule binti nilimwona anamchorea mwenzake mishale miwili ya urefu mmoja. Kura ya pili, 48. Ndipo nikaondoa daftari, kisha tukavuta viti viwili vya ofisini tukalijaribu jambo lenyewe, kwa kelele ambazo mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuziulizia. Mwembamba alitupwa mbali, mnene akasogea kidogo tu, na mabishano yakaanza upya.

Wakati wa kukusanya vibonyezo, kijana mmoja akanikabidhi chake akisema taa yake haikuwaka hata mara moja. Betri ilikuwa imekufa. Nikamuuliza muda wote alikuwa anabonyeza nini kwenye swali la lori.

"C, mwalimu. Mara zote mbili."

Mpaka leo sijui kama nimwamini.