Nipe Idadi Kwanza

Msaada bora niliowahi kuupata kwenye fumbo la maneno la gazeti niliupata kwa mtu asiyeona. Alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru kidogo kidogo hadi likabaki giza tupu, na wengi walidhani habari ya magazeti imekwisha kwake. Wapi! Aliendelea kununua gazeti kila siku na kutafuta wa kumsomea: kwanza matangazo ya vifo, kisha siasa, na mwisho, kwa sauti iliyochangamka ghafla, "Haya, lete fumbo."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kwa miezi ile macho yangu yakawa yake. Mafumbo ya katikati ya wiki hayakutusumbua. La Jumamosi ndilo lilikuwa na mtunzi wa aina nyingine, mtu asiyesema jambo waziwazi hata siku moja, na Jumamosi ninayotaka kuisimulia alikuwa amejipita mwenyewe.

Mwalimu alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. "Nipe idadi kwanza." Idadi ya visanduku, halafu herufi zilizokwisha kupatikana na mahali zilipo, halafu ndipo kidokezo. Ukitanguliza kidokezo anakunyamazisha kwa kuinua kiganja. Aliamini kwamba kidokezo kikitangulia, akili hurukia jibu la kwanza na kuling'ang'ania. Na ni kweli. Chukua "Mtaka cha mvunguni." Kuna wanaomalizia "huinama," na kuna wanaosema "sharti ainame." La kwanza lina visanduku saba, la pili kumi na viwili. Mwenye idadi mkononi habishani na mtu.

Jedwali lilikuwa la visanduku 15 kwa 15. Alinitaka nimsomee vyeusi vya nusu ya juu tu, mstari kwa mstari, naye akivihesabu kwa vidole juu ya goti. Vya nusu ya chini hakuvihitaji: jedwali lililopangwa vizuri, ukiligeuza juu chini, vyeusi vyake vinaangukia palepale. Nilipomwambia kwamba mstari wa kwanza una neno la visanduku 13 kuanzia ukingo wa kushoto, akajibu hapohapo, "Basi wa mwisho una neno la 13 linaloishia ukingo wa kulia." Nikatazama chini. Lilikuwapo. Tangu hapo jedwali zima likawa kichwani mwake, na mara mbili alinikumbusha herufi niliyoiandika mwenyewe dakika chache kabla.

Tulijaza robo tatu bila shida kubwa. Robo ya chini kulia ikagoma. Hakukuwa na herufi hata moja ya kushikia.

"Thelathini na moja kulia," nikasema. "Visanduku vitano. Herufi hakuna. *Ikitiwa, chombo hutulia.*"

"Wewe unaonaje?"

"Breki. Gari ni chombo cha moto, na herufi ni tano."

"Breki hutiwa?"

Nikanyamaza. Breki hufungwa, au hukanyagwa. Sijawahi kusikia mtu akitia breki.

"Achana na chombo," akasema. "Chombo ameweka kukupoteza, kinaweza kuwa sufuria, kinaweza kuwa jahazi. Shika kitenzi. Tafuta kinachotiwa, halafu siku ya kuondoka king'olewe."

Hapo nikaiona nanga. Hakulitaja yeye. Sikumbuki hata mara moja, katika miezi ile yote, Mwalimu akinitajia jibu zima, na najua alikuwa nayo mengi kabla yangu. Angeuliza swali moja, akakuonyesha mlango ulipo, akakaa kimya ukautafute mpini mwenyewe. Wapo wasaidizi ambao wakilijua neno hawawezi kulizuia mdomoni; wanakujazia kisanduku na kukuachia utupu. Vivyo hivyo wale waliosema, "Si mngoje tu, majibu yanatoka kesho!" Mwalimu aliwaitikia kwa heshima, kisha akanigeukia: "Tuendelee."

Miaka baadaye niliona picha ya fumbo linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hii, lile la Arthur Wynne lililotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lina umbo la almasi, na juu kabisa kuna neno moja, FUN, ambalo mtunzi amekwisha kumjazia msomaji. Neno moja la kushikia, mengine jitafutie. Mwalimu angempenda mtu yule.

Nanga ilifungua njia. N yake ya kwanza iliangukia kisanduku cha tatu cha neno la herufi nne: *Hupigwa kila siku, hakilii.* Mwalimu akataka nikisome kidokezo tena polepole. "Umesikia? *Hakilii.* Kwa nini si *hailii* au *halii*?" Mtunzi anaweza kuficha maana, lakini akishatumia kitenzi chenye kiambishi, ngeli inamtoroka. Kitu chenyewe ni cha ki-vi. KI mwanzoni, N baada yake, na mwisho bila shaka irabu, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Kinu.

Kisha G ya nanga ikawa herufi ya pili katika *Siku ya tatu hupewa jembe.* Nilikuwa nimekwama makaburini muda wote ule, kwa sababu ya hilo jembe. Ilipokuja G nikacheka kwa sauti: mgeni! Siku mbili mgeni, ya tatu mpe jembe. Mwalimu alipiga goti lake kwa furaha, na nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amelijua tangu asubuhi.

Likabaki lile la chini kabisa, visanduku 13.

"Herufi?"

"Ya nne A. Ya nane A. Sasa mgeni ametupa I, ya kumi."

"Kidokezo."

"*Hukaa mapajani, wala si mtoto.*"

Alikaa kimya kirefu. "Huyu ni mjanja," akasema hatimaye. "Ametumia *hu-* makusudi. Hujui ni *a*, ni *ki*, ni *i*. Ngeli kaifunika." Paka tukamkataa, ana herufi nne tu. Kitambaa, kikapu, vyote vikashindwa idadi.

"Mtoto akiwa mapajani," akaniuliza, "tunasema amefanywaje?"

"Amepakatwa."

"Iweke *pakata* kisanduku cha tatu. Zile A zako zinakaa?"

Nikahesabu kwa ncha ya penseli. P ya tatu, A ya nne, K, A, T, na A ya mwisho ikatua kisanduku cha nane. Zote mbili zilikaa. Mikono ilinitetemeka, sioni haya kusema, kwa sababu mtu aliyeketi mbele yangu hakuwahi kuliona jedwali lile na alikuwa amelisoma kuliko mimi.

"Mbele vimebaki viwili, hapo pana ngeli," akasema. "Nyuma vitano, cha pili ni I. Kipakata-nini? Mimi nimefika mwisho. Kama neno lipo, ni la kwenu vijana."

Lilikuwapo. Nililikuta shuleni kwenye orodha ya istilahi, na sikuwahi kumsikia mtu akilitamka barazani. "Kipakatalishi," nikasema, nikaandika huku nikilitamka silabi kwa silabi ili aliandike naye kichwani. Akalirudia mara kadhaa, akihesabu kwa vidole. Kumi na tatu.

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza: kompyuta ndogo inayokunjwa, unaiweka mapajani unaandika, unasoma. Akauliza inasomaje. Nikamwambia maandishi hutokea kwenye kioo chake, na kwamba zipo programu zinazoyasoma kwa sauti kwa ajili ya wasioona. Hilo sikulipanga, lilitoka tu. Akajiinua kidogo kitini.

"Kwa hiyo kinaweza kunisomea fumbo?"

"Vidokezo kinaweza, Mwalimu. Ukikitaka, hata majibu kitakutafutia."

"Vidokezo kinisomee," akasema. "Majibu, mwanangu, kisithubutu."