Zigi hadi Amani: njia moja, misimu minne

Mtu akikwambia kaiona Amani, msitu wa milima ya Usambara ulio juu ya Muheza, muulize aliiona mwezi gani.

Njia ni ileile siku zote. Muheza unaiacha lami, unakula vumbi kilomita 25 hivi hadi lango la Zigi, unalipia kiingilio, kisha unaanza kupanda kona kwa kona hadi kwenye mita 900 hivi juu ya bahari. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na kwetu wa Tanga huo ni msitu wa jirani. Hata maji ya bombani mjini chanzo chake ni mto Zigi.

Masika, Machi hadi Mei, hatupandi kwa pikipiki. Udongo mwekundu wa pale mvua ikiupiga hulainika juu tu, kina cha vidole viwili, chini ukabaki mgumu. Tairi halizami, linateleza. Hatari zaidi ni kushuka: anayekanyaga breki konani ndiye anayeishia mtaroni. Gia ya kwanza, breki kwa kugusagusa, abiria ashuke atembee. Mto nao haufuati mvua unayoiona wewe. Zigi kunaweza kuwa na jua, huku maji ya mvua ya juu yako njiani. Yakibadilika rangi ghafla na kuanza kubeba majani, usivuke.

Koti la mvua nililiacha zamani. Ukipanda nalo unalowa jasho kuliko ambavyo mvua ingekulowesha. Mwavuli unatosha, na suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Gambuti zinafaa barabarani tu. Kwenye mizizi yenye maji nyayo zake hazishiki.

Juni hadi Agosti ni kipupwe: machungwa yamejaa Muheza, na Amani ukungu umelala hadi saa nne asubuhi. Beba sweta.  Ndege wakae wakisubiri jua. Kipindi hicho tazama miamba ya kando ya vijito. Urujuani wa Usambara, mmea wa maua ule uliojaa madirishani Ulaya baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, kuupeleka Ujerumani miaka ya 1890, hapa umebandika mizizi kwenye ufa wa jiwe lenye kivuli, majani yake yana manyoya, ua lake ni dogo. Usiung'oe. 

Januari na Februari miguu inafurahi, macho yanakosa. Njia ni kavu, ila majani yanalia kila hatua na kima wanakusikia kabla hujawaona. Urujuani nao umejikunja.

Mimi nachagua vuli, hasa Novemba. Mvua hunyesha ikaisha, barabara hukauka baada ya saa chache, na usiku unaofuata ndio wa vinyonga. Toka saa mbili usiku na kiongozi wa hifadhi. Tochi ishike usawa wa jicho, siyo kiunoni, ili mwanga urudi ulikotoka. Usitafute umbo la mjusi. Tafuta doa jeupe-jeupe kwenye ncha ya kijiti chembamba, kwani kinyonga akilala rangi hufifia, na hulala nchani ili nyoka akija kijiti kitikisike. Dume mwenye pembe tatu utamkuta juu zaidi ya kichwa chako. Wale wadogo wanaofanana na jani kavu wako usawa wa goti, na wengi huwapita bila kuwaona. Mmulike kidogo, uondoe mwanga. Ukikitikisa kijiti atajiachia aanguke, na kumpata tena kwenye majani yale ni kazi bure.

Kisha kalale mapema: basi la kushuka Muheza huondoka alfajiri.