Noti Zisizolingana

Kwa wiki tatu sasa sisi wanne tunafanya mazoezi ya tamasha la tatu kati ya manne ambayo mtunzi wa muziki Mfaransa, François Couperin, aliyachapisha mwaka 1722 kwa jina la Concerts royaux, na kinachotuchelewesha ni zile noti fupi zinazopanda na kushuka hatua kwa hatua, ambazo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angezisoma bila shida.

Kwenye karatasi zina urefu sawa. Hata hivyo, Couperin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1716 kuhusu upigaji wa klavesini, kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa, alieleza kwamba Wafaransa huandika tofauti na wanavyopiga: katika kila jozi, noti ya kwanza hurefushwa na ya pili hufupishwa. Nilianza kwa kuhesabu, na muziki ukawa unachechemea.

Napiga viola da gamba, ala ya zamani ya upinde inayoshikwa kati ya miguu, yenye nyuzi saba za utumbo. Upinde wake hushikwa kiganja kikielekea juu, kidole cha kati kikizikaza singa, na pigo lenye nguvu ni la kuusukuma upinde, si la kuuvuta kama kwenye fidla. Nilipoacha kuhesabu na kuiachia noti ndefu pigo la kusukuma, nayo fupi pigo la kuvuta, mkono wenyewe ulianza kuzitofautisha. Mwenzangu wa filimbi, chombo cha mbao chenye kibonyezo kimoja tu, hufika hapo hapo kwa ulimi, akitamka “tu” na “ru” kama mpiga filimbi Mfaransa Hotteterre alivyofundisha mwaka 1707.

Tunapatanisha ala noti ya A ikiwa na herzi 392, yaani mitetemo 392 kwa sekunde, hatua nzima ya sauti chini ya 440 ya leo. Nyuzi zikiwa zimelegea kiasi hicho huchelewa kidogo kuitika, na mpigaji mwenye pupa huambulia mkwaruzo. Kwangu uzito huo, wenye giza kidogo, ndio unaonirudisha kwa muziki huu kila mara. Couperin aliutunga kwa ajili ya vyumba vya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, aliyeusikiliza karibu kila Jumapili katika miaka ya 1714 na 1715, akiwa mzee anayekaribia kufa, na sioni sababu ya kuupigia kelele.

Jana, kwenye Sarabande, sehemu ya mwendo wa dansi ya polepole, “ru” ya filimbi na upinde wangu viliangukia pamoja kwa mara ya kwanza. Mpiga klavesini hakusema neno. Alifungua tena ukurasa wa kwanza, tukarudia.