Nilivyoacha kumwachia mbwa wangu azurure mtaani

Nakaa Goba, Dar, na kwa miaka mitatu kila usiku nilikuwa namfungulia Tomi, geti naacha upenyo, alfajiri anarudi mwenyewe. Huku kwetu wengi tunafanya hivyo tunasema mbwa analinda mtaa. Mpaka asubuhi moja hata jua halijatoka nasikia hodi, jirani kambeba mwanae wa darasa la pili, soksi imelowa damu. "Baba Neema, ni Tomi." Hakunitukana, na hiyo ndo iliniumiza zaidi.

Nilishawahi kumsikia bwana mifugo akieleza, kwahiyo hatukupaka kitu chochote cha kienyeji, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto analia sisi tunaosha tu, halafu bodaboda mpaka hospitali. Kadi ya chanjo ya Tomi kuicheki imepitiliza miezi mitano!! Nilitetemeka jamani, maana kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu ni karibu kila mara anakufa, ndo maana sindano hazisubiri. Dogo akaanza siku hiyohiyo, kisha ya 3, ya 7 na ya 28, zote nimelipa mimi na nauli, na kila tarehe nilienda nao mwenyewe. Tomi tukamfungia siku 10 akiangaliwa, akabaki mzima, hapo ndo nikapata usingizi.

Sasa kumzuia asitoke ndo ilikuwa kazi. Mwanzo nikamfunga mnyororo kutwa nzima, nikakosea, akazidi ukali na usiku kucha anabweka. Nikaita fundi akajenga banda la mbao na wavu, chini ya geti nikaziba kwa tofali, mchana bandani usiku anazunguka ndani ya fensi. Ugali na dagaa saa moja jioni bila kukosa, kumbe muda wote ule alikuwa anafuata majalala kwa njaa na mimi naona anapenda kutembea. Pia nikamhasi, akapunguza kabisa kuhangaikia majike ya mitaa ya mbali. Chanjo ikafanyika, tarehe ya mwakani nimeiandika ukutani pale jikoni.

Jioni natoka naye kwa kamba. Tukikutana na yule dogo bado anasimama ghafla, basi mimi namvuta Tomi pembeni kabisa, nachuchumaa namshika shingoni, mpaka mtoto apite.