Kitenge kimoja, vipande viwili: tulivyotunza watoto baada ya mafuriko Moshi

Huku tambarare ya Moshi, upande wa Mabogini, maji huja hata siku ambayo kwetu halijadondoka tone. Mvua inapiga Kibosho na Old Moshi, kule juu mlimani, usiku, mito inafurika, asubuhi vyumba vimejaa tope. Familia zikihamia madarasani, huletwa mchele, mablanketi na sabuni. Hakuna anayemfikiria mtoto wa miaka minne: mama yuko foleni, baba anazoa tope nyumbani, na yeye anazurura kati ya madimbwi na mafiga ya moto. Kwa hiyo tulianzisha kona ya watoto, na ninajivunia ilivyokwenda.

Darasa tuliliomba kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji. Majamvi, ndoo ya koki na sabuni mlangoni, basi. Hela iliyotoka ni kidogo sana. Kona inafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa sita, kila siku, walezi walewale. Usibadilishe saa hata kama wageni wanataka kuja kupiga picha, maana mtoto aliyeona nyumba ikijaa maji anatulia akijua kitakachofuata. Watu wazima wawe wawili au zaidi muda wote. Asibaki mmoja peke yake na watoto, hata akiwa bibi wa watu anayeheshimika.

Shida kubwa ni kumkabidhi mtoto. Pamejaa watu kutoka vitongoji tofauti, na mtu yeyote anaweza kusema, "Huyu wa dada yangu, nampeleka." Daftari pekee halitoshi, kwa sababu saa sita wazazi wanakuja wote kwa pamoja. Tulichofanya ni kuchukua mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani. Kila mtoto anapoingia, unakata kipande kwa mkasi katikati ya ua, kwa kona kona. Usikichane kwa mikono: kitambaa huchanika mstari ulionyooka, kila kipande kikafanana na kingine. Nusu anabaki nayo mama, nusu inashonwa nyuzi mbili mgongoni mwa nguo ya mtoto. Mgongoni, kwa sababu wadogo wakifungiwa mkononi wanatafuna. Pini hatutumii, wala jina haliandikwi juu ya kitambaa, kwani mtu asiyemjua mtoto akimwita kwa jina, mtoto anamfuata. Saa ya kuondoka ni, "Mama, shikamoo, naomba kipande chako," ua linakutanishwa na ua, mkato na mkato. Visipokutana, mtoto haendi, hata mchukuaji akasirike vipi. Asiyefuatwa kabisa anabaki na walezi wawili, mwenyekiti na afisa ustawi wa jamii wanaitwa. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Sasa ushauri mbovu. Tuliambiwa tuwaketishe watoto mmoja mmoja wasimulie walichokiona. Msifanye hivyo. Mtoto akianza mwenyewe, msikilize, usimkatize, usimdadisi. Wengi husema kwa mchezo: wanajenga nyumba ya udongo, wanaimwagia maji, wanajenga tena. Waacheni. Michezo kama ukuti ukuti, rede na mpira wa makaratasi inafanya kazi kubwa. Kukojoa kitandani, kumng'ang'ania mama na kushtuka mawingu yakitanda ni kawaida siku za mwanzo, hivyo asichapwe. Asiyecheza wala kula, na haonyeshi nafuu wiki zikipita, mpelekeni kwa mtaalamu.

Ushauri wa pili ulioniudhi ni kugawa maziwa ya kopo kwa kila mwenye mtoto mchanga, eti mshtuko umekausha maziwa ya mama. Mshtuko unaweza kuchelewesha maziwa kushuka, haukaushi, na mtoto akiendelea kunyonya yanashuka. Kopo linahitaji maji salama na vyombo visafi, vitu ambavyo mafuriko yameviondoa, kwa hiyo linaleta kuhara. Mlisheni mama: mtori, uji, maji ya kunywa, na pembe yenye pazia ya kunyonyeshea. Mtoto asiye na mama ndiye wa maziwa hayo, kwa kikombe badala ya chupa, chini ya uangalizi wa muuguzi.

Mtoto akiharisha, pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ni ya lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tulipima kwa chupa ya lita moja, maana vikombe vinatofautiana na ikiwa nzito inadhuru. Iliyopita saa 24 mwageni. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Akiwa na macho yaliyodidimia au hawezi kunywa, kituo cha afya mara moja.

Kadi za kliniki zikisombwa na maji, nendeni kituo alikochanjwa mtoto na jina lake na tarehe ya kuzaliwa, waangalie chanjo alizopata kwenye rejista. Fanyeni mapema, kwa sababu surua huenea haraka watu wanapobanana chumba kimoja.