Donge la sufu lisilobanwa

Nyanya yangu alizonga uzi akiuvuta mpaka donge likawa gumu kama embe bichi, nami nikakua nikiamini hivyo ndivyo mfumaji mwema anavyofanya. Kwa nyuzi za akriliki za dukani sikuwahi kuona ubaya wake. Ubaya niliuona nilipoanza kufuma kwa sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono, ambayo huku kwetu Nyahururu tunanunua kwa akina mama wanaosokota nyumbani. Wao huiuza ikiwa shada, yaani kitanzi kikubwa kilichopindwa kama msuko wa nywele. Ukianza kufuma moja kwa moja kutoka kwenye shada, baada ya mistari miwili una fundo la kulia machozi. Lazima uzonge kwanza.

Nilimfumia mtoto wa jirani sweta. Lilimkaa vizuri. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mikono ikapanda karibu na kiwiko. Moyoni nilimlaumu mama yake, nikidhani ametumia maji ya moto. Kisha nikafuma kipande kidogo kwa uzi uliobaki, nikakifua mwenyewe kwa maji baridi, nacho kikafupika.

Nikampelekea donge lililobaki yule mama aliyeniuzia sufu. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, umeunyima uzi pumzi." Sufu ina mawimbi madogo madogo yanayoifanya ivutike na kurudi. Ikizongwa kwa nguvu na kukaa wiki kadhaa, unaifuma ikiwa imenyooka kuliko urefu wake wa kweli. Ikigusa maji, inarudi ilikotoka.

Akachukua mwiko wa ugali, akaugeuza, akanionyesha kwa mpini wake. Unaacha mkia wa uzi kama sentimita 20 ukining'inia upande wa kushikia, unazungusha mara kumi hivi mahali pamoja, halafu unaanza kupitisha uzi kimshazari huku mkono wa kushoto ukizungusha mpini kidogo kidogo. Uzi unaukokota tu, huuvuti. Mwisho unachomoa mpini, na ule mkia unabaki katikati. Ukifuma, unavuta kutoka ndani, donge linatulia mahali pake badala ya kukimbia chini ya viti. Nilipenda sana jambo hilo.

Shada lenyewe nilikuwa nikilitandaza kwenye migongo ya viti viwili, au mikononi mwa binti yangu, ambaye huchoka upesi. Basi nikamwomba fundi seremala anikatie mbao mbili nyembamba za sentimita 70, azipishanishe kama msalaba na kuzitoboa katikati zipite bolti moja, zizunguke juu ya kibao kizito. Kwenye kila mkono akatoboa matundu ya kuchomekea vijiti vinne. Shada dogo, vijiti vinasogea ndani; kubwa, vinatoka nje. Ukivuta uzi, msalaba unazunguka wenyewe. Akiwa anakutengenezea, msisitizie bolti isikazwe sana, kwa sababu msalaba mzito kuzunguka unaukaza uzi upya, na hapo umerudi kulekule.

Baadaye nilipata mashine ndogo ya plastiki ya kuzongea, ile yenye mpini wa kuzungusha na meno ndani. Inatoa donge bapa juu na chini, linalokaa mezani kama keki, na gramu 100 inazimaliza kwa dakika chache. Ukizidisha hapo, nyuzi za juu zinateleza. Ukiharakisha, inabana kuliko mkono wa nyanya yangu. Kwa hiyo sufu naipitisha mara mbili: mara ya kwanza kutoka msalabani, ya pili kutoka keki ya kwanza, polepole, uzi ukiwa hauna kinachoushika.

Sweta la jirani nililifumua mikono, nikaosha ule uzi, nikaukausha bila kuutundikia uzito, nikauzonga kwa mwiko. Nilifuma upya, nikapima, nikafua, nikapima tena. Tofauti haikufika nusu sentimita, na jioni hiyohiyo nikalipeleka.