Sangria yangu ya sikukuu: siri ilikuwa kwenye shira

Mwaka huu jagi la kwanza limeisha kabla chakula hakijaiva, na wageni wawili wamenifuata jikoni kuniuliza nimetia nini humo. Nimefurahi mno, maana mwaka juzi kinywaji hichohicho kilinitoa machozi mbele ya sinki. Naandika kwa sababu ushauri nilioupata wakati ule bado watu wanapeana, na bado unawaharibia wengine mvinyo wao.

Sangria asili yake ni Hispania na Ureno, na jina limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya damu, kwa ile rangi yake. Kwao hasa ni kinywaji cha wakati wa joto: mvinyo mwekundu, machungwa, malimau, pichi, barafu tele. Mimi nilitaka ya majira ya baridi, ya matufaha, peasi na komamanga, yenye harufu ya mdalasini inayokupokea kabla glasi haijafika mdomoni. Na kwenye viungo ndipo nilipoharibikiwa.

Niliambiwa hivi: "Tia kila kitu kwenye jagi usiku, asubuhi ikoroge, basi." Aliyeniambia alisema kwa uhakika mkubwa, nami nikamwamini. Nikamimina chupa mbili za mvinyo, nikakata matunda, nikatia vijiko viwili vya mdalasini wa unga na karafuu nzima kama ishirini, maana nilitaka inukie sawasawa. Nikafunika, nikaweka kwenye friji, nikalala na moyo mweupe.

Asubuhi nilipofungua, juu kulikuwa na utando wa kahawia, na chini ya jagi tope. Mdalasini wa unga hauyeyuki. Unavimba na kuteleza, na ukinywa unakushika ulimini kama uji uliopoa. Lakini hilo lilikuwa dogo. Wifi yangu alikuwa amewahi kuja kunisaidia, nikampa aonje. Akanywa funda moja, akaiweka glasi mezani polepole, akaniambia, "Wifi, hii mbona kama dawa ya jino?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Mafuta ya karafuu ndiyo hayo madaktari wa meno wanayoyatumia kutuliza maumivu, na mafuta hayo huyeyuka kwenye kilevi kuliko kwenye maji. Karafuu ishirini, saa kumi ndani ya mvinyo: ulimi wangu wenyewe ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Wageni walikuwa wanafika baada ya muda wa saa mbili tu. Nikaongeza sukari, ikawa dawa tamu. Nikakamulia machungwa manne, ikawa dawa ya machungwa. Nikaichuja kwa kitambaa safi, utelezi ukapungua, ladha haikusogea hata kidogo. Hapo ndipo nilipolia, maana sikukuu ile ilikuwa ya kwanza kupokea watu kwangu.

Wifi ndiye aliyeokoa siku. Alichukua chupa ya mvinyo niliyoiweka kwa ajili ya mezani, akamimina glasi, akachota vijiko vitatu vya ile iliyoharibika akatia humo. Akaonja, akanipa. Ilikuwa nzuri! Harufu ya karafuu ilikuwepo kwa mbali, mdalasini umejaa puani, na mvinyo bado ni mvinyo. Tukachukua mvinyo wote wa mezani, tukautia viungo kwa kikombe kimoja tu cha lile jagi bovu, tukakata matunda mengine. Lililobaki nililimwaga. Watu walikunywa, wakasifu, lakini mimi akili yangu ilikuwa imeshahama. Kama kidogo kilichokolea kinatosha kutia ladha jagi zima, kwa nini viungo vilale ndani ya mvinyo?

Tangu siku hiyo viungo vyangu havigusi mvinyo. Nachemsha shira: kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, vijiti vitatu vya mdalasini, karafuu sita na si zaidi, na kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba. Ikishachemka dakika tano nazima moto, nafunika, naiacha nusu saa, nachuja. Ikipoa inakaa kwenye friji hadi wiki. Uzuri wake ni kwamba unaitia kidogo kidogo huku unaonja, na ukifika pale unapopapenda unasimama. Karafuu ikishalala ndani ya mvinyo huwezi kuiambia ipunguze. Tena sukari ya kawaida kwenye mvinyo wa baridi inakaa chini ya jagi haitaki kuyeyuka, ilhali shira inachanganyika papo hapo. Kwa chupa mbili mimi naanzia robo kikombe, na sijawahi kupita nusu na ushee.

Jambo la pili linaloniudhi ni huu msemo kwamba mvinyo wowote unafaa kwa sababu "matunda yatauficha." Hayaufichi. Mvinyo uliochacha utabaki umechacha. Na wa bei kubwa uliokaa sana kwenye mapipa ya mwaloni nao haufai, kwa sababu ubaridi unauzidishia ukakasi, mdomo unakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Chukua wa bei ya katikati, mwepesi, wenye ladha ya matunda. Ukipata wa zabibu za Garnacha au Tempranillo ambao haujazeeshwa sana, umepatia.

Kuna na wale wa "ongeza brandi ichangamke." Jamaa mmoja alinishauri vikombe viwili kwa chupa mbili. Nilikaa nikapiga hesabu. Mvinyo wa asilimia 13 ukiuchanganya na brandi kiasi hicho, ukatia shira, juisi na maji kidogo ya gesi, unakaribia asilimia 16, yaani mkali kuliko mvinyo wenyewe kabla hujaugusa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inataka sangria iwe na kilevi cha chini ya asilimia 12. Mimi natia nusu kikombe cha brandi, kikombe kimoja cha maji ya machungwa, na chupa ya nusu lita ya maji ya gesi mwishoni, nami nafika kwenye tisa au kumi hivi. Watu wanakunywa glasi mbili, wanazungumza, na bado wanatamani chakula.

Maji ya gesi yanaingia wageni wakiwa mlangoni. Usiyatie usiku, gesi yote itakuwa imekwisha.

Matunda nayapenda sana kuyaeleza. Tufaha nachagua gumu lenye uchachu, nalikata vipande vidogo vya mraba pamoja na ganda lake, halafu moja kwa moja kwenye maji ya limau lisije likageuka kahawia. Peasi iwe ngumu, iliyoiva sana inavurugika na kukifanya kinywaji kisiwe angavu. Chungwa lioshe vizuri kwa maji ya moto, likate visahani vyembamba, toa kokwa zote. Visahani vyenye ganda visilale humo zaidi ya usiku mmoja, ile nyama nyeupe chini ya ganda inatoa uchungu. Komamanga watu wanaliogopa kwa sababu linarusha madoa kila mahali. Likate nusu, lizamishe kwenye bakuli la maji, ulifungue kwa vidole humo humo ndani ya maji. Punje zinazama, vile vingozi vyeupe vinaelea, unavichota juu na kuvitupa. Hakuna doa hata moja kwenye nguo. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilimwita mume wangu aje aone.

Matunda, mvinyo, brandi na shira vinakaa pamoja kwenye friji kwa muda wa saa nne hadi saa kumi na mbili. Chini ya hapo tufaha bado ni jeupe ndani na halijanywa kitu. Nalikata kipande kimoja kuhakikisha: rangi ikishaingia robo ya kipande hivi, tayari. Punje za komamanga naziacha hadi mwisho ili zibaki ziking'aa na kupasuka mdomoni.

Barafu situmii kabisa, maana inayeyuka na glasi ya tatu inakuwa maji ya rangi. Nagandisha zabibu kwenye friza tangu jana yake, natia sita sita katika kila glasi. Zinapoza, na zikiyeyuka zinaliwa.

Chupa mbili kwa namna hii zinanipa kama lita mbili na nusu, glasi kumi na tano au zaidi kidogo. Kwa watu kumi natengeneza mara mbili.

Na daima naandaa jagi jingine lisilo na kilevi: juisi ya zabibu nyekundu, juisi ya komamanga, shira ileile, limau la kutosha kukata utamu, maji ya gesi. Hili nalifunga utepe mweupe shingoni na kuliweka meza tofauti, kwa sababu rangi ni moja na watoto hawaulizi. Matunda ya jagi la mvinyo pia wasipewe, na anayeendesha gari aambiwe mapema, kwani tufaha lililolala usiku kucha humo limekunywa kilevi kama mtu mwingine yeyote mezani.

Wifi alipokuwa anaaga mwaka huu alibeba matunda yote yaliyobaki kwenye kopo, akisema atayachemsha na sukari kidogo ale na keki. Na ile chupa ya shira iliyobaki nusu kwenye friji yangu, nayo ameondoka nayo.